Zulia la Ukutani Nililoligeuza Mto

Mheshimiwa mshauri, assalamu alaikum. Naomba msaada wa rai yako, mimi mzee wa Msambweni niliyezoea kuulizwa na watu, na leo sina wa kumwuliza.

Mke wangu ni mfumi. Ujanani alisuka mikeka ya ukili, kisha akapata kazi katika karakana moja ya Diani iliyofuma mazulia ya kutundikwa ukutani katika mahoteli, na michoro waliyoifuatisha ni ya wachoraji wa Kifaransa wa karne ya kumi na tisa, waliopenda kuchora wasichana wanaocheza bale, ile ngoma ya Kizungu inayochezwa kwa ncha za vidole vya miguu, wamevaa sketi nyepesi kama povu na mikono iko wazi. Baada ya ghasia za Likoni wageni walipungua, hoteli iliyoyaagiza ikafunga milango, na mwaka jana karakana nayo ikafungwa, kila mfumi akaambiwa achukue kazi ya mkono wake. Mke wangu alileta mazulia matatu, akayatundika ukumbini, pale pale ninaposomeshea.

Sitaki kuwa mwongo mbele ya Mola: yalikuwa mazuri. Ukisogea karibu waona nyuzi tu, buluu na waridi. Ukirudi nyuma, msichana anatokea. Lakini wazee wenzangu wanaokuja kusoma nami kila Alhamisi baada ya Alasiri waliona haya, na Mzee Abdulaziz alikaa ameupa ukuta mgongo, akaniambia, "Maalim, nyumbani kwako pana ngoma, nasi hatukualikwa." Wakacheka, nami nikaungua.

Nilikumbuka yale tuliyosomeshwa, kwamba pazia lenye picha lilishushwa katika nyumba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, likakatwa likafanywa mito, kwa kuwa kinachokaliwa hakitukuzwi. Basi mke wangu alipokwenda Ramisi kwenye matanga ya shangazi yake, niliyashusha yote matatu, nikakata vichwa vya wale wasichana nikavitia motoni, na viwiliwili nikampa fundi cherehani akavishona mito, akaijaza sufi. Niliona nimepata njia ya katikati, nikaridhika.

Mke wangu alirejea siku ya Alhamisi, tumo katika kusoma. Alitoa salamu, akasimama mlangoni akimtazama Mzee Abdulaziz.

"Mzee wangu, nakuomba uinuke kidogo."

"Kwani kuna nini, mwanangu? Mto wako mlaini, leo nimekuwa sultani."

"Umemkalia binti yangu," akasema.

Ndipo nilipojua. Tulikuwa na binti mmoja tu, akafa kwa homa iliyokuja na mvua za El Niño, na picha yake hatuna hata moja, kwa sababu mimi ndiye niliyeharimisha picha nyumbani mwangu. Mama yake alipopewa mchoro wa msichana anayeinama kufunga kiatu, aliiacha sketi ya wale wachezaji kama ilivyo, lakini mgongo akaufuma kwa kumbukumbu: ni binti yetu kizingitini, anafunga kiatu aende chuo cha Kurani, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango, uso hauonekani. Nilimwona ukutani kila siku nisimtambue, mpaka nikamkata kichwa.

Mke wangu hakulia wala hakunitukana. Hakuugusa mto. Alisema, "Ungeniuliza," akageuka na buibui lake mwilini, akaenda kwa kaka yake huko Bongwe, na sasa huyo shemeji yangu Suleiman ameniletea neno kwamba dada yake anataka talaka. Wazee wananiambia nilifanya sawa. Lakini wanafunzi wanapoinama kizingitini kufunga viatu, mimi nageuza uso. Nimpe talaka yake, au nimngoje? Na kama jambo hili lina toba, ni ipi?

*

Maalim, wa alaikumu salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu binti yenu. Msiba wako ni mzito nami nauona. Lakini yaliyoingia motoni hayatoki, na sitakudanganya.

Habari ya pazia naijua. Irudie polepole, kama unavyowarudisha wanafunzi wako. Pazia lile alilikata nani? Alilikata mke wa Mtume, yeye mwenyewe aliyelitundika, baada ya kuelezwa uso kwa uso. Hakuna aliyengoja atoke kwenda kuzika ndipo ashike mkasi. Wewe ulihifadhi hukumu, ukaiacha adabu yake. Na tusifichane: kilichokuunguza siku ile si picha, ni kicheko cha Abdulaziz. Hao wanaokuambia ulifanya sawa, jioni kila mmoja anarudi kwa mkewe.

Sasa sikiliza. Mto ule usikaliwe tena na mtu yeyote. Usimpelekee fundi, keti wewe, fumua mshono kwa mkono wako, utoe sufi yote, ukunje kilichosalia ndani ya leso safi. Kichwa kimekwenda, mgongo umebaki, na mgongo ndio aliouweka mama yake. Upeleke Bongwe wewe mwenyewe, bila mshenga na bila aya. Vichwa ulivitia motoni: mwambie wewe, asisikie kwa mwingine. Sema, "Nilikosa," kisha nyamaza. Akitaka kuutundika chumbani mwake, ni kazi ya mkono wake. Ukitaka kumwonyesha rai ya wanavyuoni, mwonyeshe siku atakayokuuliza.

Talaka usiitoe kupitia kwa shemeji yako kabla hujasimama mbele ya mkeo. Akiisha kukusikia, naye akalirudia ombi lake, mpe kwa wema, usimfunge. Siahidi kwamba atarudi.

Na jambo moja zaidi. Barua yako imenipa jina la mzee aliyeukalia mto, na jina la shemeji yako. Jina la bintiyo halimo, wala la mamake. Ukifika mlango wa Bongwe, lianze la mtoto, ulitaje kwa sauti. Kisha baki hapo kizingitini na leso yako mkononi, na usikae mpaka mamake akuambie ukae.