Sigara Yako ya Kuchaji

Mwende mjukuu wangu,

Nilimpoteza babu yako Agosti, na tangu hapo sina wa kubishana naye bei ya ndengu. Mama yako amevuna vizuri, anakusalimia.

Uliniuliza kwa simu, "Susu, vape yangu hii ya kuchaji ina shida gani na ni mvuke tu wa stroberi?" Babu yako alivuta sigara ya peremende. Aliniambia, "Hii ni kama switi tu, naacha siku yoyote nikitaka." Nilimwamini.

Siku alipoleta mbuzi wa kuniposa kwetu Kabati, wazee walikaa, chakula kikapakuliwa, yeye hayuko. Alikuwa nyuma ya zizi anavuta. Mjomba wangu akapaza sauti, "Kijana, unaoa msichana ama unaoa sigara?" Watu walicheka sana, hata mimi. Lakini aliporudi niliona uso wake, hakuwa anacheka. Alinitaka kuliko kitu chochote, na bado alishindwa kungoja wazee wamalize kula.

Ningempata leo, ningemwomba kile ninachokuomba wewe. Jumamosi kaa bila hiyo kitu kutoka asubuhi mpaka jioni. Nipigie kabla ya saa mbili usiku, uniambie bila kuzunguka: umeweza ama umeshindwa?

Susu yako, Kanyangi