Mama Theodora wa Benchi la Nyuma

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu kinu chako kinyamaze. Tulikulaza hapa Mungaa, Machi ya 1975, mvua ikinyesha. Wewe ndiye uliyezoea kuisema mvua kwamba haijui saa ya kuja. Siku hiyo ilijua.

Tunakumbuka mlenda wako, na jinsi ulivyouonja mara tatu kabla ya kutupakulia, eti unaangalia chumvi. Tunakumbuka ulivyopiga soga zaidi na ng'ombe kuliko na Baba, ambaye mpaka leo anasema ng'ombe walikuwa wanakubali upesi.

Lakini zaidi tunakumbuka benchi la nyuma.

Kitinda mimba wako, Lazaro, ndiye aliyekabidhiwa mbegu za shamba la ujamaa. Mwaka ule wa njaa alitoa madebe mawili ya mtama, yakapikiwa pombe ya harusi ya rafiki yake. Alijiambia atayarudisha kabla ya mvua. Mvua ikamtangulia. Watu wakafika ghalani na majembe begani, wakakuta gunia limelala kama ngozi. Nusu ya shamba ikabaki magugu. Lazaro akasimama kanisani, akaungama, na kwa desturi yetu akapelekwa benchi la nyuma karibu na mlango, miezi mitatu bila Chakula cha Bwana.

Jumapili ya kwanza uliacha nafasi yako ya mbele, ukaenda kukaa naye.

"Mama Theodora," akasema Mwinjilisti Andrea, "benchi hilo ni la wenye makosa."

"Kama ni la wenye makosa, Mwinjilisti, mbona mmelitengeneza fupi hivi?"

Kanisa zima likacheka. Kisha kila mtu akatazama miguu yake.

Miezi mitatu ikaisha, Lazaro akaruhusiwa kurudi. Hakusogea. Alikuwa akiamka gizagiza kwenda kulima lile shamba peke yake, mpaka viganja vikapasuka. Kaka yake Laurian alimtania akimwita Madebe Mawili, naye akaitika "naam" kana kwamba alibatizwa hivyo.

"Nikimaliza kuwalipa, Mama, ndipo nitakwenda mezani pa Bwana," alikuambia.

"Na Mungu naye utamlipa kwa jembe? Ulinikojolea mgongoni mara ngapi, mwanangu? Nilikushusha?"

"Hapana, Mama."

"Nilikaza mbeleko usidondoke. Sasa Mungu ndiye akushushe?"

Alicheka. Lakini hakusogea.

Ulipozidiwa na ugonjwa, kila Jumapili binti yako Selina akirudi kutoka kanisani swali lako lilikuwa moja: "Leo amesogea?"

"Bado, Mama."

Ukageukia ukutani. Jumapili ya mwisho hukugeuka. Ulisema, "Mwambieni sijamkasirikia. Na kama mimi na roho yangu hii ndogo sijakasirika, Mungu je?" Ukaondoka bila kuliona ulilolingoja.

Maneno hayo Lazaro alitembea nayo mwaka mzima. Hakutuambia yalimfanya nini, nasi hatukuuliza. Ndugu yetu yule ukimwuliza sana anakwenda kulima.

Jumapili iliyopita, mchungaji alipoinua mkate, Lazaro alisimama. Deni la lile shamba bado analiona liko pale pale. Alitembea polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina, watu wakikunja magoti kumpisha. Kule mbele Laurian akajisogeza kumpa nafasi, na safari hii hakuwa na utani. Lazaro akanyoosha viganja vile vile vilivyopasuka, havina kitu ndani, akapokea.

Selina hakungoja baraka. Alitoka mbio, kanga mkononi, mpaka mlangoni kwako. "Mama! Mama, ame..."

Ndipo akakumbuka. Akakaa pale kizingitini, akalia mpaka Baba akafika, akakaa karibu naye.

Unakumbukwa na mumeo, Mzee Petro Mghenyi, wanao Laurian, Selina na Lazaro, mkweo Dorkas, wajukuu zako, na ng'ombe wako, ambao tangu uondoke hawakubali jambo lolote. Hatutaacha kukukumbuka, si Jumapili tu, hata siku za kupalilia.

Amesogea, Mama.