Mti wa kitovu cha Zaina

Lucie, natoka kwa bibi Zabibu sasa hivi. Mimi muchekeshaji wako, leo nimelia.

Unajua babu Zahoro alikuwa mukata miti, wa kamba na musumeno. Mwaka wa 57, njia ya motokari ikapitishwa kwenye kiwanja chao. Akaitwa yeye aukate muavoka, mti wao wa maparachichi.

Muavoka ule ule, Lucie. Chini yake walizika kitovu cha mutoto wao Zaina. Zaina alikufa na surua, picha hakuacha. Walibaki na mti tu.

Babu akapanda. Kila tawi akalifunga kamba, akalishusha polepole.

Bibi akamuuliza kutoka chini: “Papa Zaina, ni wewe ndiyo unaukata?”

“Wengine wataubwaga, Mama Zaina.”

Polepole, Lucie. Siku nzima.

Bibi akafungua kitenge cha kubebea mutoto mgongoni, akasimama kuyapokea matawi.