Makorongo Wakifungwa, Mpishi Ni Mimi

Jumamosi, 2 Novemba

Nne bila. Nne! Na kipa wetu ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote, basi hao wengine sijui walikuwa wapi.

Nimetoka lindo saa kumi na mbili, basi la kampuni likakwama kwenye foleni ya The Pearl, hapa Doha. Nimefika chumbani kipindi cha pili, tumeshakula tatu. Cornelius, Mkenya anayelala kitanda cha juu yangu, alikuwa ananingoja mlangoni. Kanikabidhi mwiko.

Sheria imebandikwa kwenye friji juzi tu, mwandiko wa Harun, dereva teksi wa Tanga. Kila wiki, ambaye timu yake imefungwa vibaya kuliko za wenzake anawapikia wote Ijumaa mchana. Timu ziwe za ligi kuu ya Uingereza, si nyengine. Harun, Cornelius na Eugene wa Uganda wana timu kubwa. Mimi nina Kelbridge, waliopanda msimu huu. Mechi kumi, pointi nne.

Eugene huniuliza kila siku nimewatoa wapi. Nimewatoa Darajani, sokoni kwetu Unguja, kwenye mtumba! Fulana ya njano yenye korongo kifuani. Nilikuwa skuli, nikadhani ni timu kubwa sana. Nilipojua si kubwa nilishaipenda, na mtu habadilishi timu kama soksi.

Ijumaa, 8 Novemba

Wali umeungua chini, mbichi juu. Maharage mawe. Miaka ishirini na tisa sijapika hata yai — kwetu jikoni nilikuwa naingia kuuliza kama tayari. Eugene kala mkate mkavu. Cornelius kageuza sahani yake pande zote: "Buda, hii ni chakula ama ni ushahidi?"

Harun kasema, si una mke wewe, mpigie akufundishe. Nimejitia sikusikia.

Niandike ukweli, hapa hapasomwi na mtu. Mimi na Salma tumekaa nyumba moja miezi mitano tu, kisha nikaja Doha. Sasa mwaka na nusu. Simu zetu dakika moja. Umekula? Nimekula. Wazima? Wazima. Haya, salamu. Mwezi uliopita mama mkwe kaichukua simu mwenyewe. Kasema mwanawe hakuolewa na simu, na nikija likizo Julai tukae na wazee tuzungumze. Mazungumzo ya wazee najua yanaishia wapi. Julai inanitisha kuliko mkia wa ligi.

Ijumaa, 15 Novemba

Wiki iliyopita tumefungwa mbili moja, penalti ya uonevu. Basi asubuhi nimesimama kwenye jiko la ghorofa, kuku mzima mbele yangu, sijui nianzie wapi. Nimepiga Makunduchi, kwao Salma, kwa video.

Salma kaniona na kisu mkononi, kaniuliza kuna nini. Nimemweleza yote — Kelbridge, korongo, friji. Kacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vile, mpaka kakaa chini mkekani, khanga mdomoni. "Kwa hiyo Wazungu kumi na mmoja wakicheza vibaya, wewe ndiye unayeadhibiwa?"

Ndiyo.

"Haya. Mshike kuku mguu."

Kanielekeza kidogo kidogo. Nilipotaka kutia nyanya kanizuia: "Vitunguu havitaki pupa, Vuai. Vingoje." Tumevingoja. Na katika kuvingoja tukazungumza. Kuhusu paa la jiko lao linalovuja. Kuhusu nyuki waliohamia kwenye kabati la shangazi yake, na shangazi kakataa wafukuzwe. Dakika hamsini! Mchuzi nao ulilika, Cornelius kafuta sahani kwa kidole.

Jumapili, 1 Desemba

Tatu moja, tena nyumbani kwetu. Aibu. Ijumaa pilau.

Ijumaa, 6 Desemba

Salma hataki kusikia bizari za pakiti. Jana nimezunguka mtaa mzima wa Abu Hamour kutafuta uzile, ile bizari nyembamba, na hiliki, nikanusishwa mitungi mpaka nikapiga chafya dukani kwa watu.

Leo saa nzima na robo kwenye simu. Nimejua kwamba akingoja maji yachemke huimba puani. Nimejua hapendi karafuu. Nimeoa binti wa Unguja asiyependa karafuu, na ndiyo kwanza napata habari! Yeye kasema nikikasirika hupandisha bega moja. Nimebisha. Kasema, "Hilo hapo limepanda."

Eugene kala sahani tatu. Kanishika mkono kwa heshima: "Ssebo, hiyo timu yako, Mungu aiweke hapo hapo."

Jumamosi, 28 Desemba

TUMESHINDA! Moja bila, dakika ya tisini na nne, mpira umegonga kiuno cha beki wetu ukaingia. Hata yeye hakujua. Nimeruka mpaka Wanepali wa chumba cha pili wakaja kutazama nani kaumia.

Nilipokaa kuvua buti ndiyo nikakumbuka. Cornelius kafungwa tatu. Ijumaa anapika yeye, mimi sipiki. Furaha ikapungua, kweli ikapungua. Sijui ni wazimu gani huu.

Ijumaa, 3 Januari

Cornelius katupikia ugali na sukuma wiki. Ugali ulikuwa na vidonge vya unga mkavu, na sukuma ilikuwa na mchanga. Alijaribu kusema wiki hii isihesabiwe. Harun kagonga friji kwa kidole na kuapa kwamba sheria haiguswi mpaka msimu uishe. Kisha wote watatu wakanitazama mimi, kama niliyewakosea kwa kushinda.

Nimempigia Salma bila sufuria. Umekula? Nimekula. Wazima? Wazima.

"Kwani hamkufungwa?" kauliza.

Nimemwambia tumeshinda.

"Hongereni," kasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Dakika mbili, basi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ila bila kitunguu sikujua pa kuanzia.

Ijumaa, 14 Machi

Ramadhani. Sasa Ijumaa yangu ni futari. Kelbridge wamekula tano, mimi nimekunja sambusa sitini.

Salma alikuwa anakunja zake kule, mimi zangu hapa, simu zinatazamana. Kasema Jumamosi alimuuliza kaka yake Idrisa matokeo, na alipoambiwa tano alifurahi, halafu akaona haya. Nimemwambia na mie nilifurahi kidogo. Makorongo watanisamehe. Tumecheka kama wezi.

Mama mkwe kapita nyuma yake, kachungulia sambusa zangu. Kasema kingo hazikubana. Akaenda, akarudi, akasema lakini si mbaya. Mama mkwe huyo huyo! Nimemaliza sambusa ishirini za mwisho bila kuhisi mikono.

Cornelius hafungi, Mkatoliki yule, ila adhana ikikaribia yeye ndiye wa kwanza mkekani.

Jumatatu, 21 Aprili

Kikao cha dharura chumbani. Kakiitisha Eugene. Alikuwa anasoma msimamo wa ligi: Kelbridge wa kumi na nane, na timu tatu za chini zinashuka. Kisha akaenda kusoma friji. Timu ziwe za ligi kuu.

"Wakishuka," kasema polepole, "Vuai hana timu. Akikosa timu, hapiki."

Cornelius kashika kichwa kama yuko matangani.

Eugene kasema basi Vuai apike tu, kwani lazima afungwe? Mdomo wangu ukajibu kabla yangu: mwanamume hapiki bila sababu. Wamenitazama. Sijui kwa nini nilisema vile, maana jiko lenyewe nalipenda. Cornelius kataka sheria ibadilishwe. Harun karudia kiapo chake cha Januari, sasa kwa uchungu.

Basi kuanzia leo chumba kizima ni Kelbridge. Hawa hawa walioniombea nifungwe miezi mitano! Nimewaambia wamechelewa, la kuvunda halina ubani. Harun kasema ubani tutautafuta.

Jumapili, 18 Mei

Mbili bila. Cornelius kavua fulana akaitupa ukutani: "Manze, hawa watu wako wanacheza ama wanatembea?" Nimemwambia karibu, ndiyo ushabiki huo.

Bado wa kumi na nane. Mechi ya mwisho Jumapili ijayo, na tunacheza na hao hao wa kumi na saba, wanaotuzidi pointi mbili. Tukishinda tunabaki. Sare, tumeshuka.

Ijumaa, 23 Mei

Samaki wa kupaka na wali wa nazi. Vizuri kuliko vyote nilivyowahi kupika.

Nimemwambia Salma huenda hii ndiyo Ijumaa ya mwisho. Nikamweleza habari ya friji. Kaacha kukuna nazi.

"Kwa hiyo wakishuka, hutonipigia?"

Mtu mwenye akili ana jibu moja tu hapo. Mimi nikasema, "Tutaona matokeo."

Matokeo! Nilikuwa nageuza samaki, nilikuwa nafikiria moto, sijui nilikuwa nafikiria nini. Kasema angalia samaki asiungue, akakata. Samaki hakuungua. Wenzangu wamemla mpaka mifupa, mie sikuweza.

Nimempigia mara tatu. Haipokelewi.

Jumamosi, 24 Mei

Mara mbili tena. Haipokelewi. Lindoni, mama wa ghorofa ya tisa kaniuliza kama ninaumwa. Nilikuwa nimemfungulia lifti iliyokuwa wazi tayari.

Harun kaniambia mwandikie ujumbe. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Mwisho nimetuma: "Samaki alikuwa mzuri." Mjinga ni mimi.

Jumapili, 25 Mei

Nimebadilishana lindo na Marvin wa kazini. Deni langu kwake ni Ijumaa mbili, nitajua mbele.

Harun kaegesha teksi, kaja na ubani wa kweli, kauwasha kwenye kifuniko cha kopo. Eugene kavaa njano, shati la kazini la mtu mwengine. Cornelius anatembea huku na huku.

Mapumziko. Nimeswali Magharibi, nimerudi, tumefungwa moja. Krosi ya kijinga, beki wetu kasimama kama anangoja basi. Naandika ili mikono ipate kazi. Nimetazama simu. Hakuna kitu.

Dakika ya 58. Goli! Hapana. Wamelikataa, kuotea. Harun kaumwaga ubani.

Dakika ya 71. GOLI! Yule yule wa kiuno, mara hii kwa kichwa, kwa makusudi kabisa! Moja moja. Cornelius kanibeba. Eugene analia na kusema halii. Sare haitoshi, tunataka jengine moja.

Dakika ya 78. Simu inaita. Salma. Video.

Leo si Ijumaa. Sina sufuria, sina kitunguu. Harun anasema zima hiyo simu. Nimepokea.

Yupo kwa kaka yake Idrisa, mbele ya televisheni, nyumba imejaa watu, khanga ya njano begani. Ya njano! Kasema bado ana hasira na mie, nisije nikajidanganya, na ujumbe wa samaki umezidi kumkera. Halafu kasema, "Mie mpira siujui. Nifundishe. Kwa nini lile goli letu wamelikataa?"

Letu. Kasema letu.

Nimeegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Nimeanza kumweleza kuotea — beki wa mwisho, mshambuliaji, mguu uliotangulia. Cornelius kaingilia, kaharibu zaidi. Nikataka kuruka niendelee na mechi, Salma kakohoa: "Usinifanyie pupa, Vuai. Vitunguu mie nilikungojea."

Nimerudi mwanzo. Nimepanga vijiko mezani, hiki beki, hiki sisi, hiki mpira umetoka. Kaelewa. Kasema basi mwamuzi alikuwa na haki, na wanaume wote kule wakampigia kelele.

Ndipo nikakisema nilichoshindwa Ijumaa. Mbele ya Cornelius, Eugene na Harun, mbele ya shemeji zangu wote: nitapiga kesho, na keshokutwa, Kelbridge wawe ligi kuu au daraja la saba, niwe na sufuria au nisiwe nayo. Uso ulinichoma. Salma kaficha wake kwa khanga. Nyuma yake sauti ya mama mkwe ikasema maneno hayo aje ayaseme Julai, mbele ya wazee, tumsikie vizuri. Lakini alikuwa amevuta kiti mbele ya televisheni.

Dakika ya tisini na mbili. Moja moja. Kona yetu. Kipa wetu kaacha goli wazi, kapanda na yeye. Harun hatazami, kageukia friji. Salma anauliza yule mwenye kijani anafuata nini huku mbele, na kwao nani anabaki.

Naweka kalamu nimjibu.