Nani Anavaa Erifoni ya Kushoto?

Kibondo, Kigoma

Dada yangu Paulina,

Shikamoo dada. Magoti ya mama yanaendeleaje na baridi ya Singida? Alizeti mmeshavuna? Na shemeji, bado anakoroma mpaka kuku wanaamka? Mimi mwili ni mzima kabisa. Ugonjwa nilio nao hospitali hawautibu: ni wivu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu naongelea ndani, kuta za nyumba yetu ni nyembamba, na sitaki Elia wangu asikie ninayokwambia.

Elia wangu! Dada, miezi minne ya ndoa na bado nikisikia gari lake la maji linarudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nduta nakimbia kujitazama kwenye kioo. Juzi aliniletea asali ya porini kwenye chupa, akasema, "Nimeonja, haikufikii." Nilicheka mpaka nikalia. Sasa mwanaume wa namna hiyo, unadhani ni mimi peke yangu ninayemwona?

Sikiliza. Siku ya harusi wenzake wa kazini walitupa zawadi ya erifoni zile zisizo na waya, mbili ndani ya kiboksi kidogo kama cha hereni. Jioni tunakaa mkekani nje, mimi kuliani kwake, yeye anavaa ya kushoto, mimi ya kulia, tunasikiliza nyimbo. Raha tupu! Lakini mwezi uliopita yangu ikaanza kunong'ona. Yake inaimba mpaka naisikia kutoka nje ya sikio lake, yangu kama mtu anayesengenya jirani.

"Mume wangu, mbona yangu iko chini?"

"Zinazeeka hizo."

"Zimezeeka upande mmoja?"

Akacheka, akanibusu, akabadilisha mazungumzo. Wewe unanijua. Sikulala vizuri.

Jumanne alisahau simu nyumbani. Nikaichukua pamoja na erifoni, mbio mpaka sokoni kwa Mzee Shabani, fundi simu, mtu wa Tanga aliyehamia huku zamani. Akavaa miwani, akachukua mswaki mkavu, laini, akaanza kusugua kile kichujio kidogo cha sauti. Akasema mara nyingi sauti hupungua kwa sababu ya nta ya masikio, na nisije nikachokonoa kwa sindano wala kutia maji. Ya kulia ilikuwa safi. Ya kushoto, dada, ilitoa uchafu mwekundu wenye mafuta. Akaunusa.

"Mawese," akasema. "Huyu mvaaji anapaka mawese."

Elia hapaki mawese! Elia anapaka mafuta yangu, yale ya nazi, nayajua yanavyopungua.

"Lakini hapa pana ajabu," Mzee Shabani akaendelea. "Chafu ndiyo yenye sauti. Safi ndiyo inanong'ona." Akafungua mipangilio ya simu, akashuka, akashuka, akafika penye mstari mmoja wenye kidude cha kusogeza, kushoto huku, kulia huku. Kidude kilikuwa kimevutwa kushoto, karibu na mwisho. "Mwanangu, erifoni zako hazina ugonjwa. Kuna mtu ameipendelea ya kushoto kwa mkono wake."

Ameipendelea! Neno hilo liliniingia kama mwiba. Kumbe kuna mtu anakaa kushoto kwa mume wangu, naye mume wangu anajinyima sauti ili yule apate zaidi.

Hapo hapo simu ikaita. Jina kwenye kioo: MAWE.

Jina hilo nilikuwa nimeshaliona. Kila wiki anampigia, na kila Jumapili Elia anapanda pikipiki kwenda Gwarama, kwao. Mimi nikajua ni muuza mawe ya msingi wa nyumba yetu, nikawa namshukuru Mungu kwa kunipa mume mwenye mipango.

"Pokea," Mzee Shabani akasema, "huenda lori limefika."

Nikapokea. Mwanamke! Anapiga kelele kwa Kiha, sikuambulia ila "Elia" na "Jumapili". Nikakata. Fundi akanirudishia kidude katikati, nikajaribu, sauti sawa pande zote mbili, tamu kabisa, na mimi machozi yananitoka. Maskini yule mzee akadhani nalia kwa furaha.

Elia aliporudi sikumpa hata maji.

"Huyo mwanamke wa mawe ni nani?"

"Mawe gani?"

"Anayepaka mawese! Anayevaa ya kushoto! Kama ni mawe ya msingi, Elia, msingi wa nyumba ya nani?"

Akanitazama, akakaa chini kizingitini na mabuti yake, akacheka mpaka akashika mbavu. "Tumaini, mawe ni mama. Kwa Kiha nikisema mawe, nasema mama yangu."

Nikataka ardhi inimeze. Akanieleza. Mama mkwe masikio yamepungua nguvu tangu kabla ya harusi yetu. Kwaya yake ya kanisani, aliyoiongoza miaka mingi, haisikii tena. Basi Elia aliirekodi kwenye simu, na kila Jumapili wanakaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, mama kushoto, yeye kulia, wanasikiliza pamoja. Anamvutia mama sauti, kisha anasahau kurudisha. Na mama alimkataza asiniambie. Alisema, "Mkwe wangu anatoka mbali, asije akaandika kwao kuwa amepokelewa na kiziwi." Sasa ona, ndiyo naandika. Usimwambie mtu.

Ungedhani nilitulia, sivyo? Sikutulia, dada. Mwanamke mwingine ningemfukuza. Mama yake nimfukuze vipi? Jana nikamuuliza Elia, "Na mimi nikizeeka, masikio yakigoma, utafanyaje?"

"Nitavuta upande wako mpaka mwisho."

"Na mama je?"

Akachukua mabuti yake, akaanza kuyafuta. Dada, aliyafuta muda mrefu mno! Naona aibu kukuandikia hivi, mtu na akili zangu na cheti changu cha kidato cha nne, nimwonee kijicho mama mzima kwa sababu ya kidude cha kwenye simu. Lakini nampenda Elia kiasi kwamba hata upande wa kushoto wa kichwa chake nautaka.

Mpe mama shikamoo yangu na umkande magoti. Msalimie shemeji, mwambie aoge kabla ya kulala. Shangazi Yunisi, aliyenifunda, mwulize mbona habari ya mama mkwe alinifunda kupika tu. Mdogo wetu Neema asiharakishe kuolewa, kuna kazi.

Jumapili hii nakwenda Gwarama na Elia. Kidude nitakivuta mwenyewe, kushoto mpaka mwisho, mama asikie kwaya yake. Halafu nitakaa katikati yao. Erifoni hizi hazina waya, dada, hakuna wa kuniambia nipishe.

Mdogo wako anayekupenda,
Tumaini, mke wa Elia