Washairi Wawili na Kibali cha Kwenda Bute

Jumatatu, 6 Juni 1966
Garissa. Mwaka wa kumi na tisa tangu nitoke kwetu Bute, kaskazini. Chai, kisha vitabu viwili vya mashairi alivyoniachia mwalimu Mmarekani alipohama. Watunzi wote wawili ni wa kwao, mwanamume na mwanamke. Mwanamume ana mistari mirefu kama msafara. Kila kitu "sisi": sisi mito, sisi reli, sisi majeshi. Mwanamke mistari mifupi. "Mimi" tu, sahani, mlango wa jirani. Nampenda mwanamume. Mwanamke namwona mchoyo.

Jumatano, 8 Juni
Ofisa wa vibali kaniita. Barabara ya kaskazini imefungwa kwa vita, ila mimi ataniruhusu niende Bute. Nitaliona kaburi la mama. Sharti: nitunge shairi la kusomwa barazani, kwamba watu wetu wanafurahia kufungiwa na serikali ndani ya seng'enge.
"Mzee, andika 'sisi'. 'Mimi' ni ubinafsi." Akacheka.
Nilimpa mkono. Nyumbani nimenawa mara mbili.

Ijumaa, 10 Juni
Beti tatu tayari. Zinateleza kama samli iliyochacha. Nimekirudia kitabu cha yule mwanamume. Kinyaa. Anawasemea hata maiti wa vitani, na hakuna aliyemtuma. Mwanamke hasemi zaidi ya alichokiona. Nilimkosea.

Jumamosi, 11 Juni
Nimemsomea dada yangu Dekha beti hizo. Alikimbilia kwangu mwaka jana na ngamia sita. Askari waliwapiga risasi ngamia wote nje ya mji. Nilikuwapo.
"Walaal, ndugu yangu, nani katunga?"
"Mimi."
"Haya. Kwetu msomaji humtaja mtunzi kwanza. Jina lako litafika Bute kabla yako, wakungoje na fimbo." Akanywa chai. "Na hao 'sisi', mimi nimo?"
Nimetapika nyuma ya nyumba.

Jumanne, 14 Juni
Nimechana zile beti. Nimempelekea ofisa mistari minne: mimi, ngamia sita, inzi, harufu. Kaisoma kwa kusimama. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonichefua zaidi. Kaichukua fomu ya kibali changu, kaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Jumatatu, 20 Juni
Upepo wa mtoni tangu alfajiri. Dekha kachemsha maziwa, tumekunywa bila maneno. Kurasa mbili za yule mshairi mwanamke, polepole. Mwili una nafuu.
Sitarudi Bute.