Sekunde arobaini na tatu za Mzee Yonathani

Jumatatu, Julai. Singida Mjini, upepo.

Vumbi limeingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Nimerudi jana jioni kutoka Manyoni, mgongo unauma, na kuna kurasa mbili ambazo nimezianza mara tatu na kuzifuta mara tatu.

Kazi yenyewe si kubwa. Bendi ya Manyoni inayoitwa Wachunga Reli imetoa albamu yake ya kwanza, nami natakiwa kuizungumzia redioni wiki hii: ikoje, imeweza wapi, imepwaya wapi. Nimekuwa mwandishi wa habari kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya watangazaji wetu. Nimeandika ajali, njaa, kesi za ardhi na ziara za mawaziri. Albamu ya nyimbo kumi haikupaswa kunishinda.

Inanishinda kwa sababu wimbo wake bora niliuharibu mimi.

Niandike kwa mpangilio, maana nikichoka huwa naruka.

Mwishoni mwa Mei Elia alikuja ofisini. Elia ni fundi pikipiki wa Manyoni, ana miaka kama thelathini, na ndiye anayeimba na kupiga gitaa katika bendi hiyo. Alinipa flashi yenye albamu nzima. "Mama, wewe ndiye wa kwanza," alisema. "Usimpe mtu. Tunazindua mwezi wa saba." Nilimjibu kwamba nilikuwa natunza siri za watu yeye akiwa bado anatambaa.

Muziki wanaoupiga wenyewe wanauita rokabili na honki-tonki. Wateja wao wanauita kantri, na wameridhika hivyo. Ni ule wa Wamarekani wa zamani: gitaa la mbio, besi kubwa ya kusimama inayochapwa makofi, na mwanamume anayelia kwamba ameachwa huku akiagiza bia nyingine. Hapa wameuhamishia stendi ya mabasi, kilabuni na pembeni mwa reli, na haujapungukiwa na kitu.

Niliisikiliza siku ileile. Walirekodi kwa siku nne katika ukumbi wa zamani wa misheni kule Kilimatinde, wote chumba kimoja, na katika wimbo wa tatu unasikia kabisa upepo ukitikisa bati. Hawakuufuta, na walifanya vyema. Sada, fundi cherehani anayepiga besi, ana mkono mzito na saa kichwani. Nyimbo mbili ni dhaifu. Mmoja unaitaja chupa mara nyingi kuliko unavyomtaja mwanamke. Nane zilizobaki zinasimama zenyewe.

Wa sita ndio wenyewe. Unaitwa "Nishushe Manyoni", na unaanza na gitaa la Mzee Yonathani peke yake. Huyu ni karani mstaafu wa Kilimatinde. Gitaa analilaza mapajani na kulitelezeshea kipande cha rodi ya shokapu alichokatiwa na Elia, na sauti inavutika kama mtu anayetaka kusema jambo akajizuia. Ni treni inapunguza mwendo. Inachukua sekunde arobaini na tatu. Halafu ngoma zinaingia, besi inachapwa, abiria ameshuka, mke yupo stesheni, na wimbo unakimbia mpaka mwisho.

Ni wimbo wa furaha. Nauandika hivyo kwa sababu mkoa mzima haujui.

Siku chache baada ya Elia kuja, dakika tano kabla ya matangazo ya vifo ya saa saba mchana, kompyuta ya studio ilikataa kufungua muziki tuliozoea kuuweka chini ya matangazo hayo. Neema, fundi mitambo wetu, alinigeukia. "Mama, huna kitu cha polepole? Chochote." Flashi ilikuwa mkobani. Nilikuwa nimetoka Ikungi kwenye mkutano usiokwisha, njaa inauma, kichwa kinauma. Nikakata zile sekunde arobaini na tatu, nikaziunganisha zijirudie, nikamwambia: leo tu.

Leo tu imefika wiki ya saba.

Saa saba ikifika na muziki ule ukianza, watu wanaongeza sauti. Mama lishe anaweka mwiko chini, fundi anazima mashine, wote wanangoja jina, kijiji, ukoo na siku ya maziko. Anayekosa tangazo anakosa msiba, na aliyekosa msiba huku hukumbushwa miaka na miaka.

Ningeweza kuuondoa siku ya pili. Sikuuondoa. Nimetafuta sababu nzuri ya kuandika hapa, sina. Ulikaa vizuri, nami nilikuwa na mambo mengine.

Elia hakujua. Wiki zote hizo bendi ilikuwa Dodoma na Tabora ikipiga kwenye baa, na redio yetu haifiki huko.

Jana alasiri ndio ulikuwa uzinduzi, kwenye uwanja wa hoteli moja pale Manyoni. Watu walizidi viti. Kabla ya kupanda jukwaani Elia alinijia, kofia pana kichwani, grisi bado kwenye kucha, akanielekeza kwa kidevu meza ya mbele. Ilikuwa kamati ya harusi iliyokuja kutafuta bendi, na katikati yake Mama Rehema, mwenyekiti, mwanamke ambaye Manyoni haioi wala haiozi bila yeye. "Wakitukataa hawa, mama, mpiga ngoma wangu anahamia Dar na bendi imekwisha," alisema. "Ameshaniambia. Nimewawekea ule wa sita."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilimwambia, kila la heri.

Nyimbo tano za mwanzo zilikwenda vizuri mno. Sada alikuwa anaichapa besi mpaka mchoma nyama akawa anakata kwa mdundo. Mama Rehema alivua viatu chini ya meza, nilimwona. Kisha Elia akasema, "Huu sasa ni wa maharusi," akampisha Mzee Yonathani.

Noti mbili. Uwanja ukanyamaza.

Mchoma nyama aliweka kisu chini. Mzee mmoja wa meza ya pembeni alivua kofia. Mwanamke nyuma yangu alimshika mwenzake mkono: "Nani tena?"

"Sijui. Hajataja."

"Nyamazeni basi tusikie jina!"

Mama mmoja wa meza ya tatu alijifunika khanga kichwani, akasimama, akaondoka bila kuangalia mtu. Mimi nilijua kwa nini. Tangazo la mama yake nililihariri mwenyewe, wiki mbili zilizopita.

Elia alikuwa amefumba macho na kutabasamu. Alidhani ule ukimya ni sifa.

Sekunde ya arobaini na tatu ngoma zikaingia, na mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "We mpiga ngoma, heshima basi!" Wengine wakacheka, wengine wakawanyamazisha waliocheka. Wimbo ulikimbia mpaka mwisho katikati ya watu waliokaa wima na mikono magotini. Ulipokwisha, dereva mmoja wa bodaboda alisema kwa sauti ya kusikika na wote: "Elia kaka, umeimba vizuri, ila marehemu hujamtaja."

Mama Rehema alimwita pembeni ya jukwaa, nami nilikuwa karibu. Hakuwa mkali. "Mwanangu, mmepiga vizuri sana. Lakini bibi harusi hawezi kuingia ukumbini na muziki wa tangazo. Mama yake mdogo ametangazwa nao juzi tu."

"Tangazo gani, mama?"

Akamweleza. Kamati, alisema, itakaa tena mwisho wa mwezi. Kwa sasa wanaangalia bendi nyingine.

Elia alinitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari. Sikuwa naandika kitu.

Kabla ya kwenda stendi nilimfuata Mzee Yonathani, aliyekuwa anafunga gitaa lake kwenye blanketi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaendelea kufunga kamba. Nilimuuliza kama na yeye siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusikia habari hii.

"Nimesikia tangu siku ya kwanza," alisema. "Mimi sisafiri nao, nabaki nyumbani."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Niseme nini? Saa saba Kilimatinde yote inanyamaza inanisikiliza mimi. Hata mke wangu." Alikaza fundo. "Ila aliyekata, binti yangu, amekata vibaya. Treni haijasimama, tayari mnaniletea maiti."

Aliniangalia aliposema "aliyekata". Nikapanda basi.

Leo saa mbili asubuhi nilimpigia Elia. Nilisikia pikipiki ikiunguruma gereji kwake. Nilimwambia kwamba ni mimi: si Neema, si uongozi wa redio. Flashi yake, mkono wangu, siku niliyochoka. Pikipiki ikazimwa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Wiki zote hizo," alisema, "mlitaja jina letu hata mara moja?"

Hatukutaja. Hili ndilo limenikalia kichwani kutwa nzima. Tangazo moja la kifo lina majina kumi na tano: watoto, wakwe, wajukuu walio Arusha na walio Mwanza. Mimi ndiye ninayerudisha matangazo yenye jina lililokosekana. Na kila siku chini ya majina yote hayo kulikuwa na mtu anapiga gitaa, na sikuwahi kumtaja.

Nilimwambia nitauondoa leo.

"Usiutoe, mama. Ukiutoa utabaki vilevile vichwani mwao. Mimi nataka uumalize."

Ana haki. Isitoshe, Neema aliwahi kujaribu kubadilisha siku moja nilipokuwa Iramba. Mtu wa Mkalama alipiga simu kesho yake akilia kwa hasira: hakuongeza sauti kwa sababu hakujua kwamba ni matangazo, akafika kwa mjomba wake wakati watu wanatoka makaburini.

Kwa hiyo Elia amenipa sharti, na nimelikubali. Uchezwe wimbo mzima, saa saba kamili, wakati watu wameshaongeza sauti. Ziende sekunde arobaini na tatu, na badala ya jina la marehemu ziingie ngoma. Baada ya hapo nitaje waliopiga, mmoja mmoja, majina kamili, na nieleze ulifikaje pale. Nilimuuliza kama nisubiri matangazo ya siku hiyo yaishe kwanza. Akasema hapana, hatachezea wafiwa. Iwe siku ambayo hakuna aliyekufa. Na albamu yake nisiizungumzie mpaka watu wawe wameusikia wimbo hadi mwisho.

Basi zile kurasa mbili zinasubiri. Angalau najua sasa zinaanzia wapi.

Mchana nilikwenda kwa Neema nikamwomba daftari la matangazo. "Siku tupu ya mwisho ilikuwa lini?" nilimuuliza. Alipekua kurudi nyuma. Julai hakuna. Juni ipo moja, Jumanne.

"Unataka tuombe watu wasife, mama?" alisema.

Nilimwambia nataka siku moja tu, kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Ukurasa wa kesho una matangazo mawili, moja la Ikungi, moja la Iramba. Nimeyahariri yote. La pili lilikuwa limemsahau mjukuu mmoja. Nimepiga simu, nimeuliza jina lake, nimeliandika.

Ukurasa wa keshokutwa bado mweupe.